Mwongozo Kamili wa Kuvishauri Vyuo vya Marekani juu ya Kanuni za Fedha za Wanafunzi

Msomaji aliyesoma Tanzania au Kenya ameizoea Bodi ya Mikopo: mwanafunzi anaomba kwenye bodi, bodi inaamua, na chuo kinabaki kuwa mahali pa kusaini na kupokea. Marekani mzigo umekaa kwingine. Mwanafunzi hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha inayokwenda serikalini, lakini chuo ndicho kinachokokotoa stahili yake, kinachoziomba fedha hazina, kinachoziingiza katika akaunti yake na kinachotakiwa kuzirejesha mwanafunzi anapoacha masomo kabla ya wakati. Kosa la karani mmoja hugeuka deni la chuo kizima, na kwa sababu hiyo vyuo, hasa vidogo, huwalipa watu wa nje wavisaidie kujua kama vimesimama mahali salama.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwa mmoja wa watu hao. Umejengwa juu ya dai moja ambalo msomaji atalikuta katika kila hatua, kwamba hoja nyingi za ukaguzi hazitokani na maofisa wasiojua kanuni. Hutoka katika mapengo yaliyopo baina ya ofisi tatu, yaani ofisi ya msajili, ofisi ya msaada wa fedha na ofisi ya uhasibu, ambazo kila moja ina kumbukumbu zake sahihi zisizosomwa na wenzake.

Hatua ya kwanza: jua sheria zinakaa wapi

Msingi wa yote ni Sheria ya Elimu ya Juu, ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliisaini tarehe 8 Novemba 1965 huko San Marcos, Texas, katika chuo alichosoma yeye mwenyewe. Sehemu yake ya Nne ndiyo inayoanzisha ruzuku ya Pell, mikopo inayotolewa moja kwa moja na serikali, ruzuku ya nyongeza kwa wenye uhitaji mkubwa na kazi za wanafunzi zinazolipwa kwa fedha za serikali. Chini ya sheria hiyo kuna kanuni za Wizara ya Elimu zilizomo katika juzuu ya 34 ya Kanuni za Serikali Kuu, na mshauri anatakiwa kuijua sehemu ya 668 mpaka aweze kufungua kifungu anachokitaka bila kupapasa: 668.14 kuhusu mkataba wa chuo na Wizara, 668.16 kuhusu uwezo wa kiutawala, 668.22 kuhusu urejeshaji wa fedha na 668.34 kuhusu maendeleo ya masomo. Baada ya kanuni huja kitabu cha mwongozo kinachotolewa kila mwaka na ofisi ya Federal Student Aid, kisha nyaraka ambazo Wizara huviandikia vyuo.

Mpangilio huo una uzito wake. Kitabu cha mwongozo kinaeleza vizuri kuliko kanuni, na wengi hukisoma hicho peke yake, lakini katika mabishano na mkaguzi kinachosimama ni sheria na kanuni. Mshauri anayeandika katika ripoti yake kwamba jambo fulani ni kosa, bila kutaja kifungu, ametoa maoni tu.

Ujue pia kalenda. Mwaka wa fedha za wanafunzi huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na kwa kawaida kanuni mpya hutakiwa kutangazwa kufikia tarehe 1 Novemba ili zianze kutumika tarehe 1 Julai inayofuata. Kwa hiyo Novemba na Desemba ni miezi ya kusoma.

Kuhusu maandalizi binafsi, sioni njia ya mkato. Mtu ambaye hajawahi kukaa katika ofisi ya msaada wa fedha kwa mwaka mzima, akauona msimu wa Agosti ulivyo na akaupitia ukaguzi akiwa upande wa wanaokaguliwa, hana la kumshauri mkurugenzi wa ofisi hiyo. Mafunzo ya Wizara hutolewa bure kupitia intaneti, na chama cha maofisa wa fani hii, NASFAA, hutoa mitihani ya mada moja moja yenye vyeti. Vyeti hivyo husaidia kufungua mlango, ingawa mteja wa pili na wa tatu huletwa na sifa za kazi ya kwanza.

Hatua ya pili: mkataba, na mpaka usiotakiwa kuvukwa

Kabla ya kugusa jalada lolote, andikeni hadidu za rejea zinazosema wazi kwamba kazi yako ni kupitia, kupima na kushauri. Kanuni ya 668.2 inamhesabu kuwa mtoa huduma wa nje mtu au kampuni inayotekeleza sehemu yoyote ya uendeshaji wa fedha hizi kwa niaba ya chuo, kama vile kuhakiki fomu za wanafunzi au kukokotoa stahili zao. Kwa mujibu wa 668.25, mtoa huduma wa nje hubeba dhima pamoja na chuo, na kila mmoja anaweza kudaiwa deni lote, huku chuo kikitakiwa kuitaarifu Wizara ndani ya siku 10 tangu mkataba usainiwe.

Mpaka huo huvukwa kwa upole sana. Ofisa mmoja ameugua, majalada ya uhakiki yamelundikana, na mkurugenzi anamwomba mshauri asaidie kumalizia kumi na tano tu kwa kuwa anaijua kazi. Jibu lake ni kwamba mshauri anaweza kukaa kando ya ofisa mwingine na kumwelekeza, lakini uamuzi, alama ya kukubali katika mfumo na jina linaloandikwa viwe vya mwajiriwa wa chuo. Kama chuo kinahitaji mikono, kiandike mkataba wa aina nyingine, na mshauri aukubali akijua dhima anayoibeba.

Malipo yawe ya kiasi maalumu au ya saa. Sheria inakataza kamisheni na bonasi zinazotegemea mafanikio ya kuandikisha wanafunzi au kuwapatia fedha, na mshauri anayepokea malipo kwa kila mwanafunzi aliyepitishwa anakiingiza chuo katika kosa lilelile alilokuja kulizuia.

Mkataba useme pia namna taarifa za wanafunzi zitakavyolindwa. Sheria ya FERPA ya 1974 inalinda kumbukumbu za masomo, na kanuni za ulinzi wa taarifa za fedha zinavitaka vyuo kuwasimamia hata watu wa nje wanaozigusa taarifa hizo. Kataa kutumiwa majalada kwa barua pepe ya kawaida. Omba akaunti ya kusoma tu ndani ya mfumo wa chuo, yenye tarehe ya mwisho.

Hatua ya tatu: omba nyaraka, na uziombe kwa kila ofisi

Mkuu wa chuo atapenda kukuunganisha na mkurugenzi wa msaada wa fedha peke yake. Usikubali. Kwa msajili omba orodha ya waliojitoa, orodha ya waliopunguza masomo baada ya muhula kuanza, na orodha ya waliopata F katika masomo yote. Kwa mhasibu omba leja za wanafunzi na orodha ya waliorudishiwa salio la ziada, zikiwa na tarehe. Kwa ofisi ya msaada wa fedha omba orodha ya waliopokea fedha, sera zake zilizoandikwa, mkataba wa chuo na Wizara, hati inayoonyesha programu na kampasi zilizoidhinishwa, na ripoti za ukaguzi za miaka miwili iliyopita pamoja na majibu yake.

Ripoti za zamani zianze kusomwa kabla ya chochote. Hoja iliyojirudia humaanisha kwamba chuo kiliahidi kurekebisha na hakikurekebisha, na mkaguzi huitazama kwa jicho kali kuliko hoja mpya. Kumbuka pia kwamba vyuo vya umma na visivyo vya faida huleta ukaguzi wao ndani ya miezi 9 baada ya mwaka wao wa fedha kuisha, wakati vyuo vinavyoendeshwa kwa faida vina miezi 6. Tarehe hizo ndizo zinazoamua wewe uje lini, kwa maana ushauri unaofika baada ya mkaguzi hausaidii kitu.

Linganisha hati ya programu zilizoidhinishwa na prospektasi. Ni kazi ya nusu siku, inachosha, na mara nyingine ndiyo inayozaa hoja kubwa kuliko zote, pale inapobainika kwamba chuo kimekuwa kikitoa fedha za serikali kwa wanafunzi wa kampasi mpya ambayo Wizara haijaiidhinisha.

Hatua ya nne: chagua majalada yenye hatari

Mkaguzi wa nje huchagua sampuli kwa namna itakayomwezesha kusema neno juu ya chuo kizima. Mshauri anatafuta kitu kingine, naye ana haki ya kuchagua kwa upendeleo. Wachukue waliopata F zote, waliohamia kutoka chuo kingine katikati ya mwaka, waliobadilisha programu, walioteuliwa kuhakikiwa, waliokata rufaa baada ya kushindwa vigezo vya maendeleo ya masomo na wakakubaliwa, na wale ambao ofisi ilitumia mamlaka yake kubadilisha takwimu za fomu kwa sababu ya hali maalumu kama kifo cha mzazi au kupoteza kazi. Ongeza wachache wasio na tatizo lolote, ili uone kazi ya kawaida ya ofisi inavyofanyika siku ambazo hakuna dharura.

Hatua ya tano: soma jalada moja mpaka mwisho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na inafaa kuonyeshwa kwa mfano wa kubuni wenye tarehe na hesabu kamili.

Chuo kilianza muhula tarehe 25 Agosti 2025 na kuumaliza 12 Desemba. Mwanafunzi alipokea ruzuku ya Pell ya dola 3,000 na mkopo usio na ruzuku ya riba wa dola 2,000, jumla dola 5,000. Ada na gharama za chuo zilikuwa dola 4,000, kwa hiyo mhasibu alimrudishia dola 1,000 zilizozidi ndani ya siku 14 zinazotakiwa. Mwisho wa muhula msajili aliingiza F nne. Ofisi ya msaada wa fedha iliona F hizo, ikampima kwa vigezo vya maendeleo ya masomo, ikamwandikia barua ya onyo na kufunga jalada.

Ukizisoma kumbukumbu za ofisi moja moja, huoni kosa. Ukizisoma pamoja, swali linakuja lenyewe: je, F hizi ni za mtu aliyefanya mtihani akashindwa, au za mtu aliyetoweka? Waulize wahadhiri, fungua mfumo wa masomo wa chuo. Katika mfano wetu kazi ya mwisho aliyowasilisha ni insha ya tarehe 3 Oktoba. Mfumo unaonyesha aliingia tena tarehe 20 Oktoba, lakini kuingia tu bila kushiriki somo hakuhesabiwi kuwa ushiriki wa kitaaluma. Mwanafunzi huyu alijitoa bila kuaga, na fedha ambazo hakuzistahili zilipaswa kurejeshwa.

Hesabu huanza na siku. Kutoka 25 Agosti hadi 12 Desemba ni siku 110. Chuo kilifunga kwa Sikukuu ya Shukrani kuanzia Jumamosi ya 22 Novemba hadi Jumapili ya 30 Novemba, siku 9, na kwa kuwa mapumziko ya siku 5 au zaidi mfululizo huondolewa, zinabaki 101. Tarehe 3 Oktoba ni siku ya 40. Arobaini kwa 101 ni asilimia 39.6, nayo ndiyo sehemu ya fedha aliyoistahili, yaani dola 1,980. Angevuka asilimia 60 ya muhula angezistahili zote.

Zisizostahili ni asilimia 60.4 iliyobaki, yaani dola 3,020. Chuo hurejesha kiasi kidogo kati ya hicho na asilimia 60.4 ya gharama zake; asilimia 60.4 ya dola 4,000 ni dola 2,416. Mikopo hutangulia katika kurejeshwa, kwa hiyo dola 2,000 zinakwenda kwenye mkopo na dola 416 kwenye Pell. Zinabaki dola 604 za upande wa mwanafunzi, ambazo kwa kuwa mkopo umekwisha zinaangukia kwenye ruzuku. Lakini sheria inamwachia nusu ya ruzuku aliyopokea, yaani dola 1,500, na 604 iko chini ya hapo, hivyo serikali haimdai kitu. Anayemdai sasa ni chuo, maana dola 2,416 zilizoondoka zilikuwa zimelipia ada yake.

Chuo kikisahau kuondoa zile siku 9, asilimia inashuka kuwa 36.4, na kinarejesha dola 2,544, yaani dola 128 zaidi ya inavyotakiwa. Serikali haikupoteza chochote, ila mwanafunzi ameongezewa deni asilostahili. Kosa la aina hii ni hoja ya ukaguzi kama lile jingine, na mshauri mwenye mizani hulitafuta kwa bidii ileile.

Chuo kisicholazimika kuchukua mahudhurio kinaruhusiwa pia kutumia nusu ya muhula kwa mtu aliyeondoka bila taarifa. Kinachotakiwa ni sera moja iliyoandikwa, inayotumika kwa wote. Chuo hicho kina siku 30 baada ya muhula kuisha ili kutambua kwamba mwanafunzi aliondoka, na siku 45 baada ya kutambua ili kurejesha fedha. Kwa muhula wetu tarehe ya mwisho ya kutambua ni 11 Januari 2026, na chuo kilichotambua siku hiyo kinatakiwa kiwe kimerejesha kufikia 25 Februari. Aliyeandikishwa na asihudhurie hata darasa moja haingii kabisa katika hesabu hii. Fedha zake zote hurudi. Vyuo vya jamii vya California vimesumbuliwa sana na wanafunzi hewa wa namna hiyo, wanaojiandikisha kwa majina ya kuiba ili kuchukua ruzuku.

Hatua ya sita: mitego mingine

Tangu mwaka wa 2024–25, Pell hupunguzwa kwa kadiri ya idadi ya masomo: mwenye kredit 9 kati ya 12 hupata asilimia 75. Kwa hiyo tarehe ambayo ofisi ya msaada inafunga hesabu ya kredit inapaswa kuwa moja na kujulikana na msajili.

Taarifa za uandikishaji hupelekwa kwenye NSLDS, hifadhidata ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, angalau kila siku 60, nazo ndizo zinazoamua lini mkopaji aanze kulipa. Msajili ndiye huzituma, ofisi ya msaada ndiyo huulizwa zikikosewa. Mara nyingi jibu ni kwamba kampuni ya kati ilishughulikia, jibu ambalo mkaguzi halipokei.

Katika vigezo vya maendeleo ya masomo, pima kama mfumo wa kompyuta unafuata sera iliyochapishwa. Shahada ya kredit 120 ina kikomo cha asilimia 150, yaani kredit 180 zilizojaribiwa, zikiwemo zilizohamishwa na kukubaliwa.

Taarifa zinazopingana hukitaka chuo kizitatue kabla ya kutoa fedha, hata kama mwanafunzi hakuteuliwa kuhakikiwa. Mshauri anayejua Kiswahili ana faida hapa katika vyuo vyenye vijana wa familia za wakimbizi wa Kongo na Burundi. Ataelewa kwa nini ndugu watatu wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, na kwa nini jina la baba limekaa mwanzoni katika kadi moja na mwishoni katika nyingine. Maelezo hayo hayafuti wajibu wa kuweka ushahidi katika jalada, bali humzuia ofisa asidhani ni udanganyifu. Mkimbizi anastahili kuomba fedha hizi; aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi hastahili.

Usipuuze wajibu usiohusu fedha moja kwa moja. Ripoti ya usalama wa kampasi imo ndani ya mkataba wa chuo na Wizara, na Machi 2024 Liberty University ilitozwa dola milioni 14 kwa kukiuka sheria ya Clery, ndiyo inayoidai ripoti hiyo. Hata somo la Siku ya Katiba, tarehe 17 Septemba, ni lazima. Ni jambo la saa moja, na bado wapo wanaolisahau.

Hatua ya saba: kiandae chuo kwa mabadiliko ya Julai 2026

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inaufunga mkopo wa serikali uitwao PLUS kwa wakopaji wapya wa shahada za juu kuanzia 1 Julai 2026. Wao watakuwa na kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na wa fani za kitaalamu dola 50,000 na 200,000. Mikopo ya wazazi inawekewa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mwanafunzi. Pell inafunguliwa kwa kozi fupi za kazi za wiki 8 hadi chini ya 15. Kifungu kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile kinachopunguza mkopo wa mwaka kwa asiyesoma masomo kamili, kwa sababu sasa kila somo linaloachwa litagusa mikopo pia, na chuo ambacho msajili wake bado hutuma orodha kwa barua pepe mara moja kwa wiki hakitamudu.

Hatua ya nane: andika ripoti na urudi kupima

Kila hoja iandikwe kwa mpangilio ambao wakaguzi wanautambua: kanuni inasema nini, hali imekutwaje, sababu ni nini, athari ni kiasi gani cha fedha na kwa wanafunzi wangapi, na kifanyike nini, na nani, lini. Sababu ndiyo sehemu ngumu. "Ofisa alisahau" si sababu. Sababu ni kwamba fomu ya kuingizia alama haimtaki mhadhiri aandike tarehe ya mwisho ya ushiriki anapoweka F.

Isomwe kwanza na wakuu wa ofisi zote tatu wakiwa chumba kimoja, kabla ya kwenda kwa mkuu wa chuo. Kikao hicho hakipendezi, ila bila hicho kila ofisi itarekebisha kumbukumbu zake na pengo litabaki. Makosa yaliyogundulika yasahihishwe kwa wanafunzi wote wa kundi husika, si wa sampuli tu, na fedha zirejeshwe bila kungoja mkaguzi. Ukiombwa kulegeza maneno ili hoja isionekane, kataa kwa maandishi, na ikibidi uvunje mkataba. Faini ya serikali kwa kosa moja inazidi dola 69,000, na chuo kinaweza kuondolewa katika utaratibu wa kupokea fedha mapema. Corinthian Colleges ilicheleweshewa fedha kwa siku 21 katika mwaka 2014, na Aprili 2015 ikafunga kampasi zake zilizobaki.

Weka katika mkataba siku za kurudi baada ya muhula unaofuata. Ukirudi, usiombe kuonyeshwa sera mpya; mwombe msajili orodha ya F zote, mwombe mhasibu leja, chagua majalada machache, na uanze tena na tarehe ya mwisho ya ushiriki.